Uhandisi wa mazingira na vyoo: unaweza kufika mbali?

Mkuu, umeuliza kama ukijikita kwenye majitaka utaishia kuandamana na magari ya kunyonya vyoo. Mwanzoni, ndiyo, na ni shule nzuri kuliko semina nyingi.

Msome Doulaye Koné, mhandisi kutoka Côte d'Ivoire. Alipata udaktari wake mwaka 2002 kule EPFL, chuo kikuu cha teknolojia mjini Lausanne, Uswisi, kwa utafiti wa mabwawa ya kusafishia majitaka Afrika Magharibi na ya Kati, yale yenye mwani na mimea inayoelea. Akahamia Eawag, taasisi ya Uswisi ya utafiti wa maji, akashughulikia tope la vyoo, jambo ambalo wahandisi wengi walilikwepa kwa sababu vitabu vyao vilijaa mabomba. Miji yetu mingi haina mabomba hayo. Ina mashimo, na shimo likijaa lazima mtu alitapishe. Baadaye akaingia Gates Foundation, shirika la hisani la Bill Gates, akapanda hadi kuongoza kitengo cha maji na usafi wa mazingira. Hao ndio walioanzisha mwaka 2011 shindano la kubuni choo kisichohitaji bomba la majitaka. (Mimi bado naona vyoo hivyo ni ghali mno kwa mpangaji wa Manzese.)

Kwa hiyo usikimbilie "uongozi" kwanza. Jifunze maabara: kupima mayai ya minyoo, kukausha tope, kujua linatoa joto kiasi gani likichomwa. Kifaransa nacho kitakufaa. Baadhi ya kazi ziko Dakar na Ouagadougou.