Mtu akianguka majini, usimwondolee jicho

Wanangu mnaoanza kazi ya boti, akianguka mwenzenu, wa kwanza kumwona apige kelele "Mtu majini!" na amnyooshee mkono. Mkono huo haushuki, hata chombo kikigeuka. Yeye harushi kamba wala hashiki ndoo. Kazi yake ni kumtazama tu.

Mimi niliyajua haya kwa kukosea. Tulikuwa mkondo wa Pemba, kusi inavuma, mwenzetu akaenda tezi, nyuma ya chombo, kukojoa, akateleza. Nikamwona anavyokwenda. Nikainama kuchomoa boya lililobanwa chini ya magunia. Kuinuka, naona mawimbi matupu. Kichwa cha mtu baharini ni kama nazi inayoelea, na boti ya mwendo wa noti 6, yaani maili 6 za baharini kwa saa, inamwacha mtu mita 3 kila sekunde, karibu mita 185 kwa dakika. Tulimpata kwa sababu kuna aliyemrushia dumu tupu la njano, tukalifuata dumu. Tangu siku ile boya langu haliwekewi kitu juu, na haja ndogo watu wanamalizia koponi, wameketi. Chekeni tu.

Basi rusheni upesi chochote kinachoelea. Kisipomfikia, ni alama. Kama mna redio, iteni msaada chaneli 16.

Mshika mashine ageuze omo, mbele ya chombo, upande ule alioangukia mtu, ili tezi na panga boi la mashine vimkwepe. Kisha arudi taratibu akikabili upepo, na akimfikia azime mashine kabisa. Jahazi la tanga halipindi upesi hivyo. Likiwa na hori, mtumbwi mdogo, litumeni.

Kumpandisha ndiko kunakotoa jasho. Nguo zimelowa, mikono haina nguvu, nanyi mkikimbilia wote upande mmoja mtapinduka. Wawili wanatosha, wengine wakae upande wa pili. Fungeni kitanzi kwenye kamba, kiningʼinie majini akanyage kama ngazi, mumvute ubavuni, si tezini. Asijitose mtu kumfuata. Mtakuwa na wawili wa kuokoa. Akishapanda, mlazeni, mvueni nguo mbichi, mfunikeni. Aliyekunywa maji akiendelea kukohoa au kuhema kwa shida, hata baada ya saa kadhaa, hospitali.

Mazoezi yake ni rahisi: tieni maji nusu dumu, lifungeni, mlitupe bila kumwambia nahodha. Mara ya kwanza vijana wangu walilihangaikia dakika kumi na moja, mchana, maji shwari.