Nunua Pembe, Usinunue Wati

Kamati nyingi zinazoniita, ziwe za kanisa, za madrasa au za harusi, huanza na swali moja: tununue spika ya wati ngapi? Kazi yangu ni kufunga mitambo ya sauti hapa Mombasa na viungani, na kabla ya kujibu mimi nami huuliza: wasikilizaji wanakaa wapi, na ni nani asiyepaswa kusikia? Wati zinakueleza spika inaweza kubeba umeme kiasi gani kabla haijaungua. Sauti itaelekea wapi, hilo wati hazisemi. Linasemwa na pembe ya mtawanyiko, zile namba za 90 x 50 au 60 x 40 kwenye karatasi ya maelezo (nyuzi za upana kwa nyuzi za wima), na hizo ndizo ninazokuomba uzisome kabla hujatoa hela.

Nalitilia mkazo jambo hili kwa sababu tumebanana. Kisauni, Likoni, Bamburi, ukumbi wa ibada unapakana na chumba anacholala mama aliyejifungua juzi, au mlinzi aliyetoka zamu ya usiku. Wana haki ya kulala kama sisi tulivyo na haki ya kuabudu. Na sheria ipo: kanuni za Kenya za mwaka 2009 kuhusu kelele zinaweka kikomo cha desibeli 50 nje katika maeneo ya makazi mchana, na 35 usiku. Usiku kwa mujibu wa kanuni hizo huanza saa mbili. Desibeli 35 ni kimya kinachokaribia cha chumba cha kulala, kwa hiyo kesha yenye vyombo, ukumbi ukiwa na madirisha ya nondo tupu yasiyo na vioo, haiwezi kutimiza hilo kwa kubahatisha.

Kwanza elewa spika inaweza nini. Katika joto letu la nyuzi 27 sauti husafiri karibu mita 348 kwa sekunde. Mlio wa besi wa 100 Hz (mitetemo 100 kwa sekunde) basi una wimbi lenye urefu wa mita 3 na nusu. Wa 1,000 Hz, sentimita 35. Wa 10,000 Hz, sentimita 3 na nusu tu. Spika inaelekeza vizuri mawimbi yanayolingana na mdomo wake au yaliyo madogo kuliko huo mdomo. Wimbi likiizidi spika kwa ukubwa, linaizunguka na kwenda kila upande, hata nyuma. Ndiyo maana jirani huwa hasikii maneno ya mahubiri bali dum-dum ya besi.

Kuna hesabu fupi ambayo mafundi huitumia kwa honi, ule mdomo uliopanuka mbele ya spika ya milio ya juu. Ilitolewa na mhandisi Mmarekani Don Keele mwaka 1975. Chukua 25,400, gawanya kwa pembe ya honi ukiizidisha kwa upana wa mdomo wake kwa mita. Honi ya nyuzi 90 yenye upana wa sentimita 30 inapata karibu 940 Hz. Chini ya hapo ile 90 iliyoandikwa kwenye boksi haipo tena, sauti inasambaa inavyotaka. Ongeza upana uwe sentimita 60 na unashuka hadi 470 Hz. Kwa hiyo muuzaji akikuonyesha kijiboksi kidogo na kukuapia kwamba sauti yake inakwenda mbele tu, pima mdomo wa honi kwa futi kamba, yeye akitazama, ufanye hesabu.

Jambo jingine ambalo karatasi hailisemi kwa sauti ya juu: ile pembe inahesabiwa mpaka pale sauti inapopungua kwa desibeli 6. Nje ya ukingo sauti bado ipo. Ukipata mchoro wa mtawanyiko, utazame kwenye 500 Hz na 1,000 Hz, usitazame 8,000 pekee ambako kila spika inaonekana nzuri.

Sasa pembe ipi? Chukua ukumbi wa upana wa mita 10 na urefu wa mita 20. Spika ya nyuzi 90 ukiiweka katikati mbele, sauti inafika kuta za pembeni mita 5 tu kutoka mbele, na kuanzia hapo sehemu kubwa inatokea madirishani. Ya nyuzi 60 inafikia kuta karibu mita 8.7. Ukumbi mrefu mwembamba unataka pembe nyembamba; ukumbi mpana usio na kina unaweza kubeba 90. Baadhi ya boksi zina honi inayoweza kufunguliwa na kuzungushwa, kwa hiyo ukilaza boksi ubavu bila kuizungusha honi umebadilishana upana na wima, na hukuwa na habari.

Spika za nguzo, zile ndefu nyembamba zenye spika ndogondogo zilizopangwa juu kwa chini, ndizo ninazozipenda kwa kumbi za mahubiri na darsa. Nguzo ya mita moja huibana sauti kwa wima kuanzia karibu 350 Hz kwenda juu, kwa hiyo haitupi sauti kwenye mabati ya paa ikarudi kuharibu maneno, wala haiipandishi sana juu ya ukuta wa uwanja. Kwa upande inasambaa, mara nyingi nyuzi 120 au zaidi. Lazima isimame wima. Nimeona nyingi zimelazwa juu ya mlango ili zipendeze, na hapo inafanya kinyume kabisa: upande inabana, na juu na chini inamwaga.

Lakini kuliko spika yoyote ile, kinachoibakiza sauti ndani ni umbali kati ya spika na sikio. Kila umbali ukiongezeka maradufu sauti hupungua desibeli 6. Ukitaka desibeli 75 kwa aliyekaa mita 20, spika ya mbele lazima itoe 101 ikipimwa mita moja, na mwenye kiti cha mbele anaumia. Ukifunga spika ndogo nne, kila moja ikiwa mita 4 kutoka kwa watu wake, kila moja inahitaji kutoa 87 tu. Kwa jirani aliye mita 40, ile kubwa moja inafika na 69. Zile nne kwa pamoja, hata bila kuziinamisha, zinafika na karibu 61. Zikiinamishwa chini, hupungua zaidi, kwa sababu sauti inaishia kwenye nguo na miili ya waumini. Zifunge urefu wa mita 3 hivi, uziinamishe mpaka ukingo wa juu wa pembe uishie kichwani mwa mtu wa mwisho anayehudumiwa na spika hiyo. Zile za nyuma zicheleweshwe kwenye mikisa ya dijitali, ile mashine ya kuchanganyia sauti: kama ziko mita 12 nyuma ya za mbele, ni karibu milisekunde 35. Bila hivyo watu wa nyuma watasikia kila neno mara mbili.

Besi ina dawa yake. Kwa mahubiri, bonyeza kitufe cha 80 au 100 Hz, kinachokata besi iliyo chini ya hapo, kwenye kila njia ya maiki. Hotuba haipotezi neno hata moja. Kwa harusi ya mtaani, ambako besi haikwepeki, weka maboksi mawili ya besi, moja mita 0.87 nyuma ya jingine, yote yakitazama watu. La nyuma ligeuzwe fezi (lisukume hewa pale jingine linapovuta) na kucheleweshwa milisekunde 2.5. Nyuma ya maboksi hayo mawimbi yanakutana yakiwa kinyume na kufutana. Maboksi yakiwa yamebandikwa ukutani, faida hiyo inapungua sana, kwa hiyo acha nafasi.

Huwa naulizwa pia kuhusu spika za mawimbi yasiyosikika, zinazotoa mwali mwembamba wa sauti kama tochi. Ile ya Audio Spotlight aliyoibuni Joseph Pompei ni mojawapo, na ni nzuri kweli kwenye jumba la makumbusho, mtu mmoja akisimama mbele ya picha moja. Haina besi ya kutosha, na mwali wake ukigonga ukuta mgumu unarudi. Kwa ukumbi wa watu mia usiinunue.

Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji alete spika palepale. Piga sauti ya shhh, iweke kwenye kiwango cha kawaida cha ibada, kisha zunguka nje na programu ya kupimia ya simu. Ujue tu kwamba kipimo cha dB(A), kinachotumika kwenye kanuni, huuondolea mlio wa besi wa 63 Hz desibeli 26 hivi, kwa hiyo namba inaweza kupendeza huku kitanda cha jirani kinatetemeka. Fanya jaribio usiku. Hewa iliyo karibu na ardhi ikipoa, sauti hupinda na kurudi chini, na inafika mbali kuliko mchana. Angalia upepo pia: wakati wa kusi anayesumbuka zaidi ni aliye kaskazini ya ukumbi, na kaskazi ikianza ni zamu ya wa upande wa pili.

Bisha hodi kwa jirani huyo, omba ruhusa, ingia mpaka chumba anacholala, mlango ufungwe. Kinachopenya kikiwa ni besi, rudi upunguze besi. Yakiwa ni maneno, inamisha spika ya upande wake zaidi au igeuze. Mkikubaliana kiwango, bandika utepe kwenye mikisa, ili kijana wa zamu ya Jumapili asipandishe sauti kwaya inapoanza.