Usizifute nyimbo za mama

Pole sana, dada. Umeuliza kama uzifute nyimbo alizozipenda marehemu mama yako, maana kila ukizisikia machozi yanakutoka. Usizifute. Wimbo huamsha kumbukumbu na hisia kwa pamoja, ndiyo maana gitaa likianza tu unamwona, kama ulivyoeleza, akikunja nguo huku akiimba na kukosea maneno palepale siku zote. Kulia huko si ugonjwa, ni mapenzi. Ila wakati wa kusikiliza uchague wewe: ziweke mahali pake kwenye simu, ufungue mmoja ukiwa tayari, ikiwezekana pamoja na ndugu zako. Na kama sauti yake mwenyewe imerekodiwa popote, hata akiimba ovyo, inakili sehemu mbili leo hii. Simu hupotea.