Mchawi Anapomaliza Vita Kabla Mpiganaji Hajachomoa Upanga

Barua nyingi za safari hii zimetoka Arusha na Moshi, na malalamiko karibu yote yanamhusu mtu mmoja: mchawi katika michezo ya mezani ya kuigiza wahusika kwa dadu.

Salaam, wahariri. Naendesha Dungeons & Dragons kwa kanuni za 2014, wachezaji watano. Tangu wafike ngazi ya 5, mchawi anarusha mpira wa moto na pambano limekwisha. Mwenye mpiganaji siku hizi anachezea simu tu. Nipunguze makali ya huo mpira?
*Mwendeshaji, Sakina, Arusha*

Usiuguse bado. Piga hesabu kwanza. Mpiganaji wa ngazi ya 5 mwenye upanga wa mikono miwili na nguvu 18 anapiga mara mbili kwa zamu, na kila pigo linalopata hutoa wastani wa 11: dadu mbili za pande sita ni 7, ongeza 4 za nguvu zake. Kama hupata kwa asilimia 65, zamu yake moja ina thamani ya 14 na kitu. Mpira wa moto ni dadu nane za pande sita, wastani wa 28, na anayefaulu kujikinga hula nusu. Tuseme nusu ya maadui wanafaulu, basi kila mmoja anapata wastani wa 21. Adui akiwa mmoja, mchawi hajamwacha mpiganaji mbali. Wakiwa wanne waliobanana, ni 84, yaani zamu sita za mpiganaji kwa mkupuo mmoja.

Lakini mchawi huyo ana nafasi mbili tu kwa siku za kurusha tamko (kipande cha uchawi) la ngazi ya tatu, kama huo mpira, na moja anairudisha akipumzika kidogo. Mipira mitatu, basi. Kitabu cha mwendeshaji cha 2014 kilikadiria mapambano sita hadi manane, ya wastani au magumu, kati ya usingizi mmoja na mwingine. Wewe unaweka mangapi? Meza nyingi huweka moja au mawili, na hapo mchawi anatumia bajeti ya siku nzima kwa dakika moja huku mpiganaji, ambaye upanga wake hauishiwi, hapati muda wa kulipwa ustahimilivu wake. Tatizo lako ni kalenda.

Kama hupendi kujaza mapambano, tumia kanuni mbadala iliyomo katika kitabu hichohicho: pumziko fupi liwe saa 8, pumziko refu liwe siku 7. Safari ya siku tatu porini ikiwa na mapambano matano, mchawi ataanza kuhesabu. Angalia kitu kimoja tu: matamko yanayodumu saa 8, kama lile la deraya ya kichawi, yatakatika kabla hata ya pumziko fupi kumalizika. Tangaza mapema kwamba hayo yatadumu hadi pumziko refu, la sivyo utaadhibu watu wasio na hatia.

Halafu kuna bei ambazo tayari zimo kitabuni na waendeshaji wanazisamehe. Kuruka angani na kutoonekana vyote vinataka umakini, na mtu hawezi kushikilia matamko mawili ya umakini kwa pamoja. Akijeruhiwa, lazima arushe dadu ya pande ishirini afikishe 10 au nusu ya jeraha, ipi iliyo kubwa, la sivyo tamko linakatika. Mwenye nyongeza ya 2 atashindwa kufikisha 10 mara 7 katika 20. Na lile tamko la kufungua kufuli, ambalo wezi wanalilalamikia, hugonga kwa kishindo kinachosikika futi 300, karibu mita 90. Mwizi anafungua kimya, mchawi anaamsha ngome nzima. Hilo ukilisimamia, mwizi wako amepata kazi yake bila wewe kuandika kanuni hata moja.

La mwisho, badilisha mahali. Mpira una nusu kipenyo cha mita 6 na moto wake hupinda kona. Weka pambano katika mahandaki membamba, mfano yale ambayo Wachaga wa Marangu walichimba kujifichia wakati wa vita. Humo mpiganaji yuko mbele, adui yuko naye pua kwa pua, na mchawi aliye nyuma hana pa kurushia bila kumchoma mwenzake.

Shikamooni. Sisi ni wanafunzi wanne, tunatunga mchezo wetu wa Uchaggani ya kale, wenye waganga na mizimu. Hatutaki matamko ya kukariri na kusahau. Tuanzie wapi?
*Watunzi, Majengo, Moshi*

Marahaba. Mtindo huo wa kukariri na kusahau (ukirusha tamko, linafutika kichwani) ulitoka katika hadithi za Jack Vance za mwaka 1950, na watunzi wa D&D ya 1974 wakauchukua kwa sababu ni rahisi kuusimamia. Uko pia mtindo wa mchezo wa Ars Magica wa 1987, ambako mchezaji anaunganisha tendo moja kati ya matano (kuumba, kujua, kugeuza, kuharibu, kutawala) na kitu kimoja kati ya kumi, kama moto, maji au akili. Ni mtamu kwa wazoefu. Kwa wanaoanza, kila zamu huwa mjadala, kwa hiyo tunawashauri muuache kwa sasa.

Anzeni na kete za bao na dadu mbili za ludo. Kila mganga ana kete 6. Kufanya uganga ni kulipa angalau kete moja, kurusha dadu mbili na kufikisha 8. Kila kete ya ziada inaongeza 1. Ukilipa moja unafaulu kwa asilimia 42, mbili 58, tatu 72, nne 83. Mnaona faida inavyopungua: 16, halafu 14, halafu 11. Ni vizuri ipungue hivyo, ndipo mchezaji asite.

Ila mkiishia hapo, mjanja atawashinda. Atalipa kete mojamoja, ajaribu mara sita, afaulu mara mbili na nusu kwa wastani. Anayelipa mbilimbili anajaribu mara tatu na kufaulu chini ya mara mbili. Yaani pupa inalipa kuliko uangalifu. Dawa yake iwe kwenye kushindwa: mganga akishindwa, kete alizolipa pamoja na moja ya nyongeza kutoka akiba ya mezani, siyo ya mganga, zinaingia kibakuli cha mwendeshaji. Rudieni hesabu. Wa mojamoja anashindwa mara tatu na nusu, anajaza kibakuli kete 7. Wa mbilimbili anajaza 3 au 4. Wa tatutatu, 2 tu na kitu. Komwe zikidondoka kibakulini kila mtu mezani anazisikia, na hapo hakuna haja ya mwendeshaji kutisha watu kwa maneno.

Mwendeshaji azitumie kuleta balaa: ukungu, mnyama, mzimu aliyeamshwa. Mwekeeni mpaka wa kete mbili kwa tukio, na aseme wazi anapozitumia. Akiachiwa azilimbikize, atawamwagia zote siku ya mwisho na mchezo utaonekana wa kuonea.

Kuzirudisha kusiwe kwa kulala. Hapo ndipo Uchagga wenu utumike kweli, siyo kama mapambo. Mganga apeleke jani la isale, ambalo kwa Wachaga ni ishara ya kuomba radhi, kwa mtu aliyeumizwa na uganga wake, amwombe msamaha mbele ya watu, na akubali sharti moja atakalopewa. Anarudishiwa kete 3. Mwenye kupelekewa isale ni vigumu akatae, lakini sharti ni lake kulitaja, na masharti hayo ndiyo yatakayowapa visa vya vikao vinavyofuata. Kama hakuna aliyeumizwa, tambiko la familia lirudishe kete 1.

Jambo moja hatulifanyii mzaha. Katika orodha ya vifaa vya uganga msiweke kiungo cha binadamu, wala msimfanye bibi kizee mwenye macho mekundu kuwa ndiye mchawi. Watu wameuawa nchini kwa imani hizo.

Tunabishana: mwenzangu anasema kumgawia mchezaji fani (mpiganaji, mchawi, mwizi) ni kumfunga mikono, bora kila mtu anunue stadi anazotaka. Nani yuko sahihi?
*Wabishi wawili, Kiboriloni*

Mwenzako ana watu nyuma yake: mchezo wa RuneQuest wa 1978 ulikwenda na stadi bila fani, na ule wa GURPS wa 1986 ukaja na pointi za kununulia kila kitu. Hata historia ya D&D inampa hoja. Mwaka 1974 fani zilikuwa tatu: mpiganaji, mchawi na kasisi. Mwizi aliongezwa 1975 akiwa na asilimia zake za kunyata na kupanda kuta, na meza nyingi zikaanza kuelewa kwamba wengine hawawezi tena kunyata. Ukimpa mmoja hati ya jambo, umewanyang'anya waliokuwa wakilifanya bure.

Hata hivyo, kwa meza yenye wageni sisi tuko upande wako. Fani humwambia mchezaji ni wakati gani wenzake watamgeukia. Anayenunua stadi kwa pointi hutumia jioni nzima kununua, kisha watu watatu wanagundua wote ni wapiga upinde. Na usawa wa kupindukia nao una gharama: toleo la D&D la 2008 liliwapa wote mpango uleule wa mbinu za kila zamu, za kila pambano na za mara moja kwa siku. Mizani ilikaa sawa, wachezaji wengi wakalalamika kwamba wahusika wanafanana.

Mkitunga fani, andikeni kwa kila moja jambo linalofanywa na hiyo peke yake, na jambo inaloshindwa kabisa. Safu ya pili ndiyo watunzi huiacha tupu kwa mchawi.

Dadu ya pande ishirini naipata wapi Usa River?

Chukua karata: kopa kuanzia ree hadi kumi ziwe 1 hadi 10, shupaza vivyo hivyo ziwe 11 hadi 20. Vuta moja, irudishe, changanya tena kila mara. Usipoirudisha, karata mbaya zitaisha mkononi na wachezaji watajua bahati imebaki upande gani.