Re: Mazoezi ya mawimbi ya ubongo kwa binti asiyetaka kula

Dadangu wa Malindi umeuliza kama umpeleke binti yako wa miaka 15 anaekataa kula akafanyiwe mazoezi ya ubongo, pole sana kwanza. Hayo mazoezi yanaitwa nyurofidibeki, haiumi wala hapigwi shoti, anabandikwa vifaa kichwani mashine inasoma umeme wa ubongo inamuonyesha kwa skrini, akitulia picha inaenda akivurugika inasimama. Lakini kwa anoreksia, yaani huo ugonjwa wa kukataa kula, ushahidi bado mdogo, mimi singeanza nayo kabisa. Kwanza uzito urudi manake ubongo wenye njaa hautulii. Kwa umri wake tiba yenye ushahidi zaidi ni ya familia, ilianzia hospitali ya Maudsley kule London miaka ya 1980, nyinyi wazazi ndio mnashika mambo ya chakula, mnampakulia, mnakaa nae mpaka amalize wali wake na samaki, bila kumgombeza wala shangazi mtu kuingia na maneno ya "mbona umekonda hivi". Ni kazi ngumu sana dada.

Na kama anazimia, moyo unapiga polepole au hedhi imekatika, mpeleke hospitali leo leo apimwe moyo na damu, hasa potasiamu, madini ya damu yanayosaidia moyo. Akiwa amekaa na njaa siku nyingi pia msimshindilie chakula kwa pupa, daktari ndio apange.