Kwa wanagenzi: si kila kifua kinachowaka ni vidonda vya tumbo

Jumatatu nilimkalia mwenzenu aliyekwenda kuswali Adhuhuri, nikaokota kadi nne za wagonjwa mfululizo. Zote nne zimeandikwa PUD, yaani vidonda vya tumbo. Zote nne zimepewa omeprazoli, kapsuli ya kupunguza asidi, na ile chupa nyeupe ya kutuliza asidi, na mbili zimeongezwa diklofenaki "ya maumivu". Mmoja wa wale wanne ni mama aliyekonda mpaka buibui lamning'inia, na hakuna aliyemwambia afungue mdomo. Nawapenda, wallahi, lakini siku ile nilitamani kuwatosa mmoja mmoja pale gatini.

Hakuna kosa lenu ambalo sikulifanya mimi kwanza, hapa hapa Lamu. Kwa hivyo sikilizeni.

1. Umio, njia ya chakula kutoka kooni, si tumbo. Mgonjwa akisema "tumbo", mwambie aonyeshe kwa mkono. Akigusa chembe cha moyo, haya, fikirieni tumbo. Akipandisha kiganja kutoka hapo mpaka kooni, na akasema uchungu humjia mdomoni akiinama au akilala, hiyo ni asidi inayorudi juu. Akisema yamuuma akimeza, hilo ni jambo jingine kabisa, na hapo ndipo mnapopotea. Kiungulia, chakula kukwama na maumivu ya kumeza ni malalamiko matatu, nanyi mwayatia kapu moja. Tumbo limejipaka ute wa kulikinga na asidi yake. Umio, bomba la sentimita 25 hivi, haukupewa kinga ya namna hiyo, ndiyo maana asidi ile ile inayokaa tumboni kwa salama ikipanda juu huchubua.

2. Dawa yenyewe yaweza kuwa ndiyo ugonjwa. Hapa nitakaa kidogo.

Mwaka wangu wa kwanza kazini, mwezi wa Ramadhani, alinijia kijana wa mashua. Nikamwandikia antibiotiki, doksisaiklini, kapsuli moja mara mbili kwa siku, siku saba. Kilichomleta si cha kusimuliwa. Nikamwambia kama kasuku, "Asubuhi na jioni, baada ya kula." Asubuhi gani, Ramadhani? Akajipangia mwenyewe: moja baada ya futari, moja baada ya daku. Na daku mwaijua ilivyo. Adhana yataka kuadhiniwa, kikombe kimebaki matone mawili ya maji, kapsuli yatupwa kooni, mtu arudi kulala.

Siku ya nne akarudi. Maumivu yalimwanza ghafla katikati ya kifua, hata tende ikishuka ni kama mwiba wa samaki. Kadi iko mbele yangu, hati ni yangu mwenyewe, nami namwuliza, "Wala pilipili?" Ni nani Lamu hali pilipili? Akasema ndiyo. "Na achari?" Ndiyo. Basi, nikaandika PUD. Nikampa dawa ya asidi, nikamwongezea ibuprofeni, ambayo nayo huchoma umio, kisha nikamwambia kwa sauti ya utu uzima: "Na ile doksisaiklini usiikatize." Sentensi hiyo mpaka leo huniamsha usiku.

Baada ya siku mbili aliletwa na mamake, kopo mkononi la kutemea mate. Hata mate hayapiti. Mamake alinitazama akasema, "Alikuja na ugonjwa mmoja, mkamrudisha na miwili." Tukamtundikia maji, tukamshusha gatini, boti mpaka Mokowe, kisha barabara ndefu ya Garsen na Malindi mpaka Mombasa. Chupa ya maji niliishika mimi mpaka Mokowe, mkono juu, na hakuna aliyenisemesha.

Endoskopi, kamera ya kupitishwa kooni, ilionyesha vidonda viwili vinavyotazamana katikati ya umio, pale mshipa mkuu wa damu unapopinda ukaubana kidogo, mahali vidonge hupenda kukwama. Sehemu ya chini, inayounguzwa na asidi, ilikuwa safi. Barua ya kurudi ilikuwa na mstari mmoja ulionihusu: "Kapsuli aliimeza na nini?" Swali la sekunde tano. Tiba yenyewe ilikuwa kuikatiza doksisaiklini, maji ya mshipa, sukralfati ya maji na omeprazoli. Kama wiki mbili hivi akawa ala wali. Yeye alinisamehe. Mamake akiniona sokoni huvuka upande wa pili.

Doksisaiklini, vidonge vya chuma, potasiamu, alendronati ya mifupa, aspirini na ndugu zake kina ibuprofeni na diklofenaki: glasi nzima ya maji, na mtu akae wima nusu saa. Semeni hivyo kwa mdomo wenu, msimwachie mtu wa dirisha la dawa.

3. Kurunzi mfukoni. Utando mweupe mdomoni pamoja na maumivu ya kumeza ni kandida, yaani fangasi, ya umio mpaka ithibitike vinginevyo: dawa ni flukonazoli siku 14 hadi 21, na kipimo cha virusi vya ukimwi siku hiyo hiyo, kwa sababu kandida ikishafika kwenye umio kwa mwenye virusi, Shirika la Afya Duniani (WHO) waihesabu hatua ya nne, ya mwisho, ya ugonjwa huo. Nistatini ya kusukutua haifiki huko. Wiki ikipita hana nafuu, fikirieni virusi vya hepesi au vya CMV, mumpeleke akamulikwe. Yule mama wa Jumatatu ulimi ulikuwa mweupe kama tui. Majibu yake ni yake.

4. Omeprazoli ni nusu saa kabla ya chakula, si pale inapouma, maana huzima pampu za asidi wakati chakula kinaziamsha. Na umio uliochubuka wataka wiki nne hadi nane, si vidonge kumi. Kwa mfungaji nilifundishwa na bibi mmoja aliyenichoka: afungue kwa tende na maji, ameze kapsuli, aswali Maghribi, ndipo akae kwenye sinia. "Kwani dawa yenu haijui swala?" aliniuliza.

5. Kipimo cha H. pylori, bakteria wa vidonda vya tumbo. Daktari Barry Marshall wa Australia aliwanywa bakteria wale mwaka 1984, ngozi ya ndani ya tumbo ikamvimba kweli, na mwaka 2005 yeye na Robin Warren wakapata Nobeli. Hakunywa ili nyinyi mumwandikie kila mwenye kiungulia antibiotiki mbili. Asidi kurudi juu haisababishwi na bakteria hao.

6. Mito mitatu humkunja mtu tumbo tu. Inueni miguu ya kitanda upande wa kichwani kwa mawe au mbao, sentimita 15 hadi 20, na asilale kabla ya saa tatu kupita tangu ale. Biriani ya baada ya tarawehe mtajuana nayo wenyewe.

7. Mtu mzima anayewakwa kifua akipanda ngazi za nyumbani kwake, ECG, kipimo cha moyo, kwanza, chupa nyeupe baadaye. Na aliyeanza kukwamwa na wali, sasa akwamwa na uji, au anayekonda, au anayetapika damu, au choo chake ni cheusi kama lami, msimjaribie omeprazoli mwezi wa tatu mfululizo. Anakwenda endoskopi. Kwenye barua andikeni alianza lini, akwamwa na nini, ameza vidonge gani na kwa maji kiasi gani. Atakayeandika "PUD, kwa hatua zaidi" nitamrudishia barua kutoka gatini, hata boti ikiwa imeshawashwa.

Kesho zamu ya usiku ni yangu. Kadi zote nitazipitia, na kurunzi nimeitia betri mpya.