Moyo ukianza kurukaruka, nenda kapime hapohapo

Mi nimezunguka na huu moyo karibu miaka miwili kabla ya kujua naumwa nini, na sababu ni ya kijinga kweli, kila nikifika hospitali umeshatulia. Nafanyiwa ECG, kile kipimo cha kuchora umeme wa moyo kwenye karatasi, karatasi inatoka safi, naambiwa labda ni mawazo, punguza kahawa. Afu saa nane usiku naamka kifua kinachezacheza kama kambare kwenye ndoo, nikishika mkono mapigo yanaenda moja, mbili, kimya, afu matatu ya harakaharaka, kimya tena.

Kwa iyo ndugu zangu ikikushika usisubiri kukuche, nenda nayo hivohivo. Mi siku hiyo nilitoka na kandambili, mke wangu ndo anaendesha. Daktari akanionesha kwenye karatasi, kwenye moyo usioumwa kabla ya kila mlima mrefu kuna kilima kidogo wanakiita P, ndo vyumba vya juu vinajikamua. Kwangu hakuna kilima, kuna mstari unatetemeka tu, na milima yenyewe imekaa hovyo kama meno ya kitana kilichovunjika. Hiyo ndo wanaita AF, yaani atrial fibrillation, vyumba vya juu vya moyo kutetemeka hovyo. Umeme huko juu unaweza kupiga zaidi ya mara 350 kwa dakika, vyumba havijikamui tena, damu inatuama na kuganda, donge likipanda kwenye ubongo umepata kiharusi. Dawa ya kuzuia damu isigande usiiache eti kwa vile leo unajisikia freshi, nakusihi.

Dawa za kutuliza mapigo ziliponigomea nikaingizwa kwenye kuchomwa moyo kwa ndani, wanaita ablation. Usiogope jina. Wafaransa wa Bordeaux, Haïssaguerre na wenzake, mwaka 1998 walipima umeme ndani ya moyo kwa wagonjwa 45 wakakuta cheche karibu zote zinaanzia kwenye mishipa inayoleta damu kutoka mapafuni. Kumbe mchokozi yuko mlangoni! Kwa iyo wanapitisha waya mwembamba kwenye kinena mpaka moyoni, wanatoboa kitundu kwenye ukuta wa kati, ncha ya waya inagusa huku na huku ikisoma umeme na kompyuta inachora ramani ya rangi. Afu wanachoma kuzunguka mdomo wa kila mshipa, sababu kovu halipitishi umeme.

Kabla hujakubali muulize daktari ameona nini kwenye vipimo vyako na atajuaje kama amefanikiwa. Na ujiandae, mi wiki ya tatu moyo uliruka tena nikajua imebuma, kumbe miezi mitatu ya mwanzo inatokea sana kwa sababu vidonda bado vinapona.

Kliniki ya mwisho daktari akanionesha rekodi ya siku ile niliyochomwa. Mstari wa juu moyo unatembea taratibu, mstari wa chini, ndani ya mshipa mmoja, cheche bado zinagonga kivyake. Zinagonga weee, hakuna wa kuzifungulia.